Mvua ya kwanza imelowesha dari ya kempa yetu. Tuanzie wapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi na mke wangu tunaishi Ipagala, Dodoma. Tulinunua kempa iliyotumika kutoka Japani, ile ya chumba cha kulala kilichojengwa juu ya gari dogo la mizigo. Kiangazi chote haikuwa na shida. Mvua ya kwanza ya Desemba ilipopiga, asubuhi tukakuta doa la kahawia darini karibu na dirisha la paa, godoro limelowa upande mmoja, na sakafu ya mlangoni inabonyea ukiikanyaga. Fundi wa mtaani anasema tupake silikoni kila mahali, ndani na nje. Halafu vioo hutoka jasho alfajiri hata siku ambazo mvua haijanyesha. Tumepanga kwenda Tanga mwezi wa nne. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba. Kabla ya mengine yote, mzuie huyo fundi asipake chochote kwa ndani. Maji yaliyokwisha kuingia hayatoki kwa kuzibiwa upande wa chumbani. Yatabaki kati ya bati la nje na plaiwudi ya dari, na hapo kazi yake ni kuozesha fremu. Dari inayodondosha inawapa taarifa. Mkiiziba mtakuwa na dari nzuri machoni na mbao zinazooza juu ya vichwa vyenu.

Mtu akiishi Dodoma hujiambia kwamba huku ni pakavu, gari haliwezi kuharibiwa na maji. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na jumla ya mwaka ni kama milimita 550 hadi 600. Ni kweli ni kidogo. Lakini kempa yenu iliharibika kuanzia Mei hadi Novemba, miezi hiyohiyo mliyokuwa mnaiona haina shida. Jua ndilo lililofungua njia, mvua imepita tu.

Chukua hesabu hii uone. Bati la alumini lenye urefu wa mita 5 likitoka nyuzijoto 15 za alfajiri ya Julai hadi 55 saa nane mchana, linarefuka kwa karibu milimita 4 na nusu. Fremu ya plastiki ya dirisha la paa hutanuka zaidi ya hapo kwa kila mita, na mbao zilizo chini yake hazitanuki kiasi hicho hata kidogo. Kwa hiyo kila siku ya kiangazi vitu vitatu vinavutana mahali palepale palipozibwa kwa gundi. Gundi ikiwa bado changa inanyumbulika, inafuata. Ikishachomwa na jua miaka kadhaa inakauka, inakuwa ngumu, inapasuka. Na kwa kuwa hakuna mvua, hakuna anayejua.

Panda ngazi asubuhi bati likiwa bado baridi. Usikanyage paa, weka ubao mpana uegemee juu yake, maana paa nyingi za kempa za Japani ni bati jembamba au faiba juu ya fremu za mbao na sponji, na mguu wa mtu mzima unaweza kufungua kiungo kilichokuwa kizima. Itazame gundi inayozunguka fremu ya dirisha la paa. Ibonyeze kwa ukucha. Iliyo hai inazama kidogo na kurudi. Iliyokufa haibonyei, na ukiitazama kwa karibu utaona nyufa nyembamba zilizopasuka kama udongo wa mbuga mwezi wa kumi, nyingine zikiwa zimeanza kuinuka kingo. Pitisha ncha ya kisu cha plastiki chini ya ukingo. Ikiingia bila kusukumwa, maji nayo yanaingia. Kagua hivyohivyo kila kichwa cha skurubu, mguu wa paneli ya sola, mahali nyaya zinapoingia ndani, taa za juu, na ile mikanda ya pembeni inayofunika maungio ya paa na ukuta. Mikanda hiyo ina skurubu chini yake, na skurubu iliyoshika kutu ni bomba la kupitishia maji hadi kwenye mbao.

Sasa angalia usijidanganye na lile doa. Mahali doa linapotokea si lazima pawe ndipo maji yanapoingilia. Maji yakishapita bati hutelemka juu ya fremu mpaka yakute kiungo cha plaiwudi au tundu la taa, ndipo yanapojitokeza. Kama gari mmeliegesha pua chini, yanaweza kuwa yanaingia nyuma na kutokea mbele. Ndiyo maana nataka mjaribu kwa maji kabla ya kununua gundi yoyote. Mtu mmoja akae ndani na tochi, mwingine awe nje na mpira wa maji, au ndoo na kopo kama mgao umewabana. Anzeni chini, kwenye mlango na madirisha, kisha mpande taratibu hadi paani, kila sehemu dakika tano hadi kumi, maji yakitiririka tu bila kurushwa. Mkianzia juu, maji yatashuka na kulowesha kila kitu, na hamtajua ni kiungo kipi kilichofungua. Wala msipeleke gari hilo kwenye mashine ya presha ya kuoshea magari. Presha ile ikielekezwa kwenye raba ya dirisha au kwenye kiungo husukuma maji mahali ambapo mvua ya kawaida isingefika.

Kwenye madirisha kuna kitu cha huku kwetu ambacho vitabu vya maelekezo vilivyokuja na gari havikukifikiria: vumbi. Dirisha la kusogeza lina mfereji chini yake, na mfereji huo una vitundu vidogo vya kutolea maji nje. Kiangazi chote vinajaa vumbi jekundu. Mvua ya kwanza inakuja na upepo, maji yanapigwa ubavuni, vumbi linageuka tope, vitundu vinaziba, mfereji unajaa na kumwagikia ndani, ukutani nyuma ya kitanda. Mtu anabadilisha raba nzima wakati tatizo lilikuwa tope. Pitieni kwa fundi wa tairi, mwombeni apulize kila mfereji kwa kompresa, kisha mwageni kikombe cha maji ndani yake mwone kama yanatoka nje bila kusita. Hii ni kazi ya Novemba ya kila mwaka. Raba zenyewe zifuteni vumbi na mzipake mafuta ya silikoni au glisirini. Grisi ya kawaida na mafuta ya injini huivimbisha raba na kuiharibu.

Kuhusu silikoni ya kwenye mirija, ile ya bafuni, sina uadui nayo ikiwa bafuni. Kwenye paa la gari ina makosa matatu. Ile yenye harufu kali ya siki inatoa asidi inapokauka, na asidi hiyo inakula bati. Haishiki rangi. Kubwa zaidi, hakuna kinachoshika vizuri juu yake, hata silikoni nyenzake. Kwa hiyo fundi akipaka leo, mwaka kesho ikipasuka itabidi muikwangue yote hadi bati safi, na mabaki yake ni sugu kuliko gundi nyingine yoyote ninayoijua. Wengine watawashauri gundi nyeusi ya kubandikia vioo vya mbele vya magari. Hiyo inashika sana, ni poliyurethani, lakini nyingi za aina hiyo hazipendi jua. Kwenye kioo cha mbele inakingwa na ule mstari mweusi uliochorwa ukingoni mwa kioo. Ikiachwa wazi juani Dodoma inageuka unga na kupasuka. Tafuteni gundi ya kuzibia iliyoandikwa kwenye mrija wake kwamba inastahimili jua na inabaki kunyumbulika. Nyingi za hizo ni za jamii ya polima mchanganyiko, na hizo hushika bati, faiba na mbao iliyopakwa rangi.

Chini ya fremu ya dirisha la paa tumieni ukanda wa butili, ule mweusi au wa kijivu unaonata kama ubani uliotafunwa na haukauki. Fremu ing'olewe yote, gundi ya zamani ikwanguliwe kwa kisu cha plastiki, bati lifutwe kwa spiriti hadi kitambaa kitoke cheupe. Ndipo ukanda ukae, fremu irudi juu yake, skurubu zikazwe kwa kupokezana pembe kwa pembe mpaka butili itoke kidogo pande zote. Kinachotoka kikatwe, kisha gundi inayostahimili jua ipakwe juu ya ukingo na juu ya kila kichwa cha skurubu. Skurubu mpya ziwe za stenlesi. Mtu anayepaka gundi mpya juu ya ya zamani anapoteza fedha, hata kama kwa macho kazi inapendeza.

Lakini hayo msiyafanye leo. Mkifunga paa kabisa sasa hivi mnafungia maji ndani. Kwa miezi hii ya mvua wekeni kinga ya muda: utepe wa butili wenye mgongo wa alumini juu ya fremu ya dirisha la paa, nje, bati likiwa kavu na safi. Ndani fungueni dari pale penye doa. Toeni kipande cha plaiwudi, toeni na sponji iliyolowa, muache fremu ipumue. Najua inauma kubomoa dari ya gari mlilolinunua kwa fedha za kujinyima. Itauma zaidi kubadilisha fremu nzima baadaye.

Mbao ikae wazi mpaka ikauke kweli, na kukauka huko msikukisie kwa kiganja. Kuna kipimo kidogo cha unyevu chenye sindano mbili kinachochomwa kwenye mbao. Mafundi samani makini wanacho na mnaweza kuazima. Chini ya asilimia 15 ni salama. Kati ya 15 na 20 endeleeni kusubiri. Zaidi ya 20 mbao iko kwenye hatari ya kuoza, na kuifunika hapo ni kuipa kuvu makazi. Hapa ndipo Dodoma inapowasaidia kuliko mji wowote wa pwani. Kuanzia Mei hewa yetu ni kavu na upepo haukatiki, na wiki chache za milango wazi mchana zinafanya kazi ambayo Dar es Salaam ingehitaji mashine. Msikaushe kwa jiko la mkaa ndani ya gari, hata madirisha yakiwa wazi. Hewa yake ya sumu haina rangi wala harufu, na inaua.

Sakafu ya mlangoni ni habari nyingine, inaweza isihusiane na dari kabisa. Inayobonyea ni plaiwudi iliyoachana matabaka, na hiyo hairudi. Chungulieni chini ya gari, nyuma ya ngazi ya mlango, kwa tochi. Mara nyingi maji ya barabarani yanarushwa na tairi na kupenya kwenye ukingo wa plaiwudi usiopakwa kitu, au raba ya chini ya mlango imekatika na kila mnapoingia na viatu vya tope mnaongezea. Kateni mpaka mfike mbao ngumu, sentimita kadhaa zaidi ya mnapoona ubovu. Mtauziwa bodi ya marini ile ya kumwagia zege, na inafaa, ila mkishaikata ule ukingo mpya unakunywa maji kuliko mnavyofikiri. Ukingo wote upakwe rangi ya mafuta au resini mara mbili kabla haujaingia mahali pake.

Nije kwenye jasho la vioo, kwa sababu hilo ni la kwenu wenyewe na hakuna gundi itakayolitibu. Watu wawili wakilala usiku mmoja hutoa kwa pumzi na ngozi nusu lita ya maji au zaidi. Gesi ya kupikia ikiungua nayo hutoa maji: kilo moja ya gesi inatoa mvuke wa lita moja na nusu na ushei. Maana yake mtungi wa kilo 6 mkiumaliza kwa kupikia ndani ya kempa mmemwaga humo zaidi ya lita 9 za maji bila kuona hata tone, ukiacha mvuke wa sufuria ya ugali na wa birika. Usiku wa Juni na Julai hapa Dodoma baridi inashuka hadi nyuzijoto 13 au 14, kioo na bati vinapoa, na mvuke wote huo unatafuta mahali pa baridi pa kutua.

Kama mna wasiwasi ukuta fulani umelowa kwa mvua au kwa pumzi zenu, chukueni kipande cha plastiki angavu, ile ya kujalidia madaftari ya shule. Kibandikeni ukutani kwa utepe pande zote nne, pasibaki pengo, mlale nacho usiku mmoja au miwili. Unyevu ukitokea upande wa chumbani, juu ya plastiki, ni mvuke wenu. Ukitokea nyuma yake, kati ya plastiki na ukuta, ukuta wenyewe una maji na mrudi paani mkaendelee kutafuta.

Mvuke unatibiwa kwa hewa inayopita, na hewa haipiti kwenye tundu moja. Acheni dirisha la paa wazi vidole viwili na dirisha la chini upande wa pili vidole viwili, usiku kucha, hata kwenye baridi. Ongezeni blanketi msizibe matundu. Na yale matundu ya chini karibu na mtungi wa gesi yasizibwe kamwe kwa ajili ya baridi wala vumbi. Gesi ikivuja hutuama chini na hapo ndipo inapopita kutoka nje. Pikeni nje kila inapowezekana. Dodoma inawezekana miezi mingi sana ya mwaka. Nguo mbichi zianikwe nje. Godoro liwekeni juu ya chaga zenye nafasi, msiliweke juu ya ubao mzima, maana joto la mwili linasukuma unyevu chini na upande wa chini wa godoro ndio unaoota ukungu mtu asione. Kila asubuhi linyanyueni lisimame ukutani hadi chai iishe. Kipimo kidogo cha unyevu wa hewa kikionyesha zaidi ya asilimia 60 siku nzima, jueni matundu hayatoshi au kuna maji mahali.

Mahali hapo panaweza kuwa chini ya sinki. Washeni pampu ya maji, fungeni koki zote, mkae kimya. Pampu ikinguruma yenyewe baada ya dakika chache, kuna kiungo kinachovuja. Njia za vumbi zinalegeza nati za mabomba, na kwa hewa yetu kavu tone moja moja hukauka kabla hujaliona, mpaka siku plaiwudi inapovimba. Mkishatoka safari ya barabara mbovu, pitisheni mkono mkavu kwenye kila kiungo.

Maegesho nayo yanahusika. Mwarobaini una kivuli kizuri na mnaupenda, nami naupenda, lakini majani na tunda zake zinajaa kwenye mifereji ya paa na kushika unyevu juu ya viungo. Turubai lililofungwa likabana bati ni baya zaidi: linanasa mvuke chini yake na likipigwa na upepo linakwangua rangi. Mkiweza kujenga banda la nguzo na bati, wazi pande zote, mtakuwa mmeikinga gundi na jua, na hiyo ndiyo faida kubwa kuliko ya kuikinga na mvua. Kama uwezo haujafika, liegesheni pua juu kidogo ili maji yasituame, na kila baada ya mvua mfagie paa kwa ufagio laini mkiwa juu ya ngazi.

Mkiona ukungu kwenye godoro na pembe za kabati msiufute mkavu, utapeperusha vumbi lake mkavuta. Vaeni barakoa, tumieni maji ya sabuni, futeni, kausheni juani. Dawa ya klorini inafaa kwenye plastiki na bati tu. Kwenye mbao inatoa rangi ya ukungu na kuacha mizizi. Isichanganywe na siki wala dawa ya choo, mchanganyiko huo hutoa gesi ya hatari. Kama kuna mtoto mwenye pumu asilale humo mpaka kazi iishe. Na bakuli za chumvi au mkaa ambazo mtashauriwa kuweka kabatini zitawapunguzia harufu kidogo, haziwezi kushindana na paa linalovuja.

Kwa hiyo Tanga mwezi wa nne na gari hili msiende. Aprili ni katikati ya masika ya pwani, mvua inapiga siku hadi siku, na hewa ya nje yenyewe imejaa unyevu kiasi kwamba kufungua madirisha hakukaushi kitu. Fremu yenye unyevu wa asilimia 20 ikifika huko itarudi imeota kuvu. Fungueni dari sasa, kausheni Mei, zibeni paa mwanzoni mwa Juni mkishapima, kisha mfanye safari ya kujaribu karibu: Kondoa mkaone michoro ya mapangoni ya Kolo, au Mtera kwa njia ya Iringa. Rudini, kazeni viungo vya mabomba, pimeni mbao tena. Tanga muende Agosti. Mkifungua hiyo dari, pigeni picha za fremu mchana kwenye mwanga mzuri mnitumie kabla hamjamwita fundi mbao, hasa pale pembe za dirisha la paa zinapokutana na ukuta.